Kibandiko Chekundu cha New Jersey: Uchambuzi wa Sheria Moja ya Leseni za Vijana

Kwenye kona ya juu kushoto ya pleti namba za baadhi ya magari ya New Jersey, jimbo la Marekani, mbele na nyuma, kuna kipande kidogo chekundu kinachong'aa kikimulikwa na taa. Ukubwa wake ni kama wa stempu ya posta, na kimeshikizwa kwa namna ambayo mtu anaweza kukibandua na kukirudisha. Jozi yake huuzwa kwa dola 4, na tangu tarehe 1 Mei 2010 kila dereva wa chini ya miaka 21 ambaye bado anajifunza au yuko katika leseni ya majaribio analazimika kuwa nacho kwenye gari analoliendesha, la sivyo atatozwa faini ya dola 100. Kitu kidogo kiasi hicho kilizua kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya jimbo, miswada ya kukifuta, uchunguzi wa Mwanasheria Mkuu na mfululizo wa tafiti za kitabibu. Nimekichagua kiwe kiini cha uchambuzi huu kwa sababu sioni kisa kingine kinachoonyesha kwa uwazi hivi ni wapi sheria za leseni ya hatua kwa hatua hushika na ni wapi huteleza.

Mfumo wenyewe unatokana na wazo kwamba mtu hawi dereva siku ile anapofaulu mtihani. Mtihani hupima kama kijana anajua kurudisha gari nyuma, kuegesha na kusoma alama za barabarani. Haupimi atafanya nini saa nne usiku, mvua inanyesha, na rafiki aliyekaa kiti cha nyuma anamsogezea simu ausikie wimbo. Kwa hiyo serikali humkabidhi barabara kwa awamu: kwanza akiwa na mtu mzima pembeni yake, kisha peke yake lakini bila saa za usiku na bila kundi la marafiki, na mwishowe bila masharti. New Zealand ndiyo iliyotangulia kuweka mfumo kamili wa namna hii, mwaka 1987. Nchini Marekani, ambako leseni ni mamlaka ya kila jimbo, Florida ilianza mwaka 1996 na New Jersey ikafuata Januari 2001.

Toleo la New Jersey lina ukali wake. Kijana wa miaka 16 hupata kibali cha mwanafunzi akipitia saa sita za mafunzo ya barabarani katika shule ya udereva, kisha huendesha kwa miezi sita akiwa na msimamizi wa miaka 21 au zaidi ambaye amekuwa na leseni kwa muda wa miaka 3 au zaidi. Kuendesha peke yake huanza akiwa na miaka 17, umri ulio juu kuliko wa jimbo lolote lingine la Marekani, na kwa mwaka mzima leseni yake huwa ya majaribio. Leseni ya kawaida haipati kabla ya kufikisha miaka 18. Msomaji wa Nairobi au Dodoma, ambako leseni ya gari dogo huanzia miaka 18, anaweza kuuliza mtoto wa miaka 17 gari anaitakia nini. Jibu liko katika jinsi makazi yalivyopangwa. Sehemu kubwa ya jimbo hilo ni mitaa ya nyumba zilizosambaa, shule iko maili kadhaa, kazi ya jioni iko upande mwingine, na basi ama halipiti ama hupita mara moja kwa saa. Huko, kumnyima kijana gari kuna maana ya kumkabidhi mzazi kazi ya udereva wa familia kwa miaka miwili zaidi, na wabunge wanaolipigia kura suala hili wanalijua hilo vizuri kuliko wanavyozijua takwimu za ajali.

Takwimu hizo, hata hivyo, hazina utata mwingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani ulilinganisha hatari ya kufa kwa dereva wa miaka 16 au 17 kulingana na idadi ya watu aliowapakia. Akiwa na abiria mmoja, dereva wa miaka 16 alikuwa na hatari mara 1.39 ya ile ya anayeendesha peke yake. Akiwa na wawili, mara 1.86, akiwa na watatu au zaidi, mara 2.82. Kwa dereva wa miaka 17 mwendo ulikuwa uleule, tena mkali zaidi: 1.48, 2.58 na 3.07. Kwa dereva mtu mzima, abiria mara nyingi ni jicho la pili. Kwa kijana aliyezungukwa na wenzake wa rika lake, kila kiti kinachojaa ni mtu mmoja zaidi wa kufurahisha, kujibizana naye au kumwonyesha kwamba haogopi. Ongeza usiku, ambapo macho yasiyozoea hayakadirii umbali vyema na mwili umechoka tangu asubuhi shuleni, na utaona kwa nini takriban kila sheria ya leseni ya hatua hugusa mambo mawili hayohayo: saa na abiria.

Ugumu huanza hapo. Sheria ya saa na abiria inamhusu mtu wa umri fulani, na umri hauonekani kupitia kioo cha gari linalopita kwa kasi gizani. Askari wa trafiki aliyeegesha kando ya barabara saa tano na nusu usiku anaona taa mbili zikija, kisha vichwa vinne, kisha taa mbili nyekundu zikienda. Dereva anaweza kuwa na miaka 17, na anaweza kuwa na 24. Hawezi kumsimamisha kila mtu mwenye uso mchanga, na akijaribu, mahakama itamuuliza alikuwa na sababu gani. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka yake ya mwanzo sheria ya New Jersey ilisimamiwa zaidi na hofu ya kijana mwenyewe kuliko na serikali. Alijulikana kuwa amevunja masharti baada ya kosa jingine, au baada ya ajali.

Desemba 2006, katika eneo la Long Valley, Kaunti ya Morris, msichana wa miaka 16 alifariki katika ajali akiwa abiria katika gari lililoendeshwa na kijana mwenzake. Mama yake aligeuka kuwa mtetezi wa mabadiliko ya sheria. Jimbo nalo liliunda tume ya kuchunguza udereva wa vijana, ambayo Machi 2008 ilitoa ripoti yenye mapendekezo mengi, mojawapo likiwa alama ya kuyatambulisha magari yanayoendeshwa na wanafunzi na wenye leseni za majaribio. Aprili 2009 Gavana Jon Corzine alitia saini sheria iliyopewa jina la msichana huyo, Sheria ya Kyleigh, na mwaka mmoja baadaye ikaanza kutumika.

Watu wengi huikumbuka sheria hiyo kwa kibandiko tu, lakini ilibadili mambo mengine ambayo kwa familia yalikuwa mazito zaidi. Marufuku ya usiku, iliyokuwa ikianza saa sita kamili, ilirudishwa hadi saa 5:01 usiku na kuendelea hadi saa 11 alfajiri. Abiria walibaki mmoja tu, isipokuwa wanaomtegemea dereva kama vile mtoto wake mwenyewe, au kama mzazi yumo ndani ya gari. Na tofauti na awali, watu wa nyumba moja nao walihesabiwa. Fikiria nyumba yenye watoto watatu: mkubwa ana miaka 17 na leseni mpya, wadogo wake wawili wanasoma shule ileile. Asubuhi kaka anaweza kumchukua mmoja, wa pili lazima atafutiwe njia nyingine, na magari mawili yatoke nyumba moja kwenda lango moja kwa dakika zilezile. Nakiri kwamba hapa malalamiko ya wazazi yalikuwa na uzito kuliko yale ya kibandiko, kwani ndugu mdogo aliyefungwa mkanda kiti cha nyuma si sawa na marafiki watatu wanaotoka kwenye mechi, na utafiti nilioutaja hapo juu hauwapimi wawili hao kwa mizani moja. Watunga sheria walichagua kanuni isiyo na mjadala barabarani: askari ahesabu vichwa, asiulize ukoo.

Marufuku ya usiku iliachiwa upenyo mmoja unaostahili kutajwa. Kijana anayefanya kazi usiku, au mwenye wajibu wa kidini, anaweza kuruhusiwa akiwa na barua rasmi ya mwajiri au ya kiongozi wa taasisi yake ya dini. Kwa familia za Kiislamu za mji kama Paterson jambo hili si la nadharia. Ramadhani inapoangukia majira ya joto, jua huzama baada ya saa mbili usiku, isha huchelewa, na tarawehe humalizika saa ambayo leseni ya majaribio imekwisha kulala. Karatasi iliyopigwa mhuri wa msikiti ndiyo tofauti kati ya kijana kuirudisha familia nyumbani na kukaa uani akisubiri baba yake.

Kelele zote, hata hivyo, zilikiangukia kibandiko. Hoja kubwa ya wapinzani haikuwa kwamba kinawaaibisha vijana, ingawa vijana wenyewe walilisema hilo waziwazi. Ilikuwa kwamba kinamtangazia kila mtu mwenye nia mbaya kuwa ndani ya gari hili, pengine peke yake, yuko msichana wa miaka 17. Hofu hiyo si ya kubezwa. Mzazi anayemfundisha binti yake kutoweka picha ya sare ya shule mtandaoni anaambiwa na serikali ileile abandike kwenye gari alama inayoonekana kutoka mita kadhaa usiku. Baadhi ya wabunge walileta miswada ya kuifuta sheria, hakuna uliopita. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo iliviuliza vituo vya polisi kama kulikuwa na matukio ya vijana kuandamwa kwa sababu ya vibandiko, na ripoti iliyotolewa Machi 2011 ilitaja tukio moja. Unaweza kusema moja linatosha kwa familia iliyopatwa. Lakini ukiweka tukio hilo kando ya ajali za vijana wa umri huo katika jimbo zima kwa muda uleule, ni vigumu kushikilia kwamba hatari iliyo kubwa zaidi ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa kwenye mikutano ya wazazi.

Mahakamani hoja ilichukua sura nyingine. Walalamikaji, katika kesi ya Trautmann dhidi ya Christie, walidai kwamba kibandiko kinakiuka sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 inayolinda taarifa binafsi za madereva, kwamba kinawabagua vijana, na kwamba ni sawa na upekuzi usio na sababu. Agosti 2012 Mahakama ya Juu ya New Jersey iliikataa kesi yao. Kuhusu sheria ya shirikisho, mahakama iliona kwamba kundi la umri si taarifa binafsi ya aina iliyokusudiwa kulindwa: kibandiko hakisemi jina, anwani wala tarehe ya kuzaliwa. Kuhusu faragha, ilisema kwamba mtu hawezi kudai usiri wa kundi lake la umri wakati sura yake, inayoonyesha umri huo kwa jumla, iko wazi mbele ya umma kila anapoendesha. Sentensi hiyo inanivutia kwa sababu ina ncha mbili. Kama sura ya dereva inatosha kuonyesha umri wake, kibandiko kilihitajika kwa ajili ya nini? Na kama kilihitajika kwa kuwa sura haionekani usiku, basi kinafichua kitu ambacho giza lilikificha. Sidhani mahakama ilikosea katika uamuzi wake, kwani kinachofichuliwa ni kidogo na sababu ya kukifichua ni nzito, lakini njia waliyoipita ilikuwa fupi kuliko swali lenyewe.

Sasa matokeo. Watafiti wa Hospitali ya Watoto ya Philadelphia, wakiongozwa na Allison Curry, waliunganisha kumbukumbu za leseni za jimbo na za ajali zilizoripotiwa polisi, kitu ambacho majimbo machache yanaweza kukifanya kwa ukamilifu huo. Katika mwaka wa kwanza wa vibandiko, hati za makosa ya kuvunja masharti ya leseni ya hatua ziliongezeka kwa asilimia 14, na ajali za madereva wenye leseni za majaribio zilipungua kwa asilimia 9, sawa na makadirio ya ajali 1,624 zilizoepukwa. Walipoongeza mwaka wa pili, upungufu ulibaki karibu palepale, takriban asilimia 9.5. Walizingatia bei ya mafuta, ambayo ikipanda vijana huendesha kidogo, na mwenendo wa ajali za madereva wa miaka 21 hadi 24 ambao hawaguswi na sheria, ili wasikipe kibandiko sifa ya mabadiliko yaliyokuwa yakitokea kwa kila mtu. Ni lazima kukumbuka kwamba siku ileile ya Mei 2010 saa na abiria navyo vilibadilika, kwa hiyo kumtenga mhusika mmoja kati ya watatu si kazi nyepesi.

Nikizisoma namba hizo mbili pamoja, asilimia 14 na asilimia 9, naona kitu ambacho watetezi wa sheria hawakukitarajia hasa. Ongezeko la hati za makosa ni dogo. Kijana wa kawaida wa New Jersey alikuwa na nafasi finyu mno ya kukamatwa kabla ya kibandiko na akabaki na nafasi finyu baada yake, na wengi hata hawakukibandika. Kama ajali zilipungua kwa kiasi hicho, haielekei kwamba zilipungua kwa sababu ya askari peke yake. Maoni yangu, na nayatoa kama maoni, ni kwamba kibandiko kilifanya kazi yake kubwa uani, kabla gari halijawashwa. Gari nyingi za vijana ni gari za wazazi. Mama anayerudi kutoka kazini na kuichukua gari hiyohiyo kwenda dukani anapaswa kuvibandua vibandiko. Jioni kijana anapoomba ufunguo, vinapaswa kurudi. Kitendo hicho cha sekunde kumi, mkono ukiinama kwenye pleti namba, humlazimisha mzazi kuuliza maswali ambayo sheria iliyoandikwa kwenye kitabu haikumfanya aulize: unakwenda wapi, na nani, unarudi saa ngapi. Mzazi asiyevibandika amekwisha kuamua, na kijana wake anajua kwamba ameamua.

Kibao cha herufi L tunachokijua sisi wa Afrika Mashariki hakifanyi kazi hiyo. L humwambia anayefuata nyuma kwamba gari linaweza kuzimika kwenye mlima, kwa hiyo aache nafasi. Ni ombi la uvumilivu kwa madereva wengine, na huondolewa siku mtihani unapofauliwa. Kibandiko cha New Jersey kinaendelea kuwapo baada ya mtihani, katika miezi ile ambayo kijana yuko peke yake kwa mara ya kwanza, na ujumbe wake hauelekezwi kwa madereva wengine bali kwa anayesimamia masharti.

Kuna upande mmoja ambao New Jersey iliuona mapema na haupewi sifa inayostahili. Majimbo mengi huweka masharti ya hatua kwa walio chini ya miaka 18 pekee, jambo linalomfundisha kijana hesabu rahisi: ukisubiri siku yako ya kuzaliwa, unaruka hatua zote. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mifumo mikali ilienda sambamba na upungufu wa asilimia 26 wa ajali za vifo zinazowahusisha madereva wa miaka 16, lakini pia na ongezeko la asilimia 12 kwa wale wa miaka 18. Sehemu ya vifo ilikuwa imesogezwa mbele tu. New Jersey huwashika wote wanaoanza kabla ya kufikisha miaka 21, na tathmini ya sheria yake ya 2001 ilikuta upungufu wa ajali kwa wenye miaka 17 kwa asilimia 16 na kwa wenye miaka 18 kwa asilimia 10, bila gharama hiyo kulipwa baadaye. Kijana aliyetoka Mombasa au Arusha akiwa na miaka 19, hajawahi kushika usukani, akaanzia Jersey City, anapita njia ileile ya msimamizi, miezi sita na vibandiko viwili kama mwenyeji wa miaka 17. Anaweza kuona ni dharau kwa mtu mzima. Lakini barabara haiulizi umri, inauliza umeendesha kwa muda gani, na katika hili sheria hiyo imesoma tatizo vizuri kuliko za majirani zake.

Ilichokosa kwa muda mrefu ni mazoezi. Ikiwa na umri wa juu zaidi na vibandiko ambavyo hakuna jimbo lililokuwa navyo, New Jersey ilikuwa pia miongoni mwa majimbo machache yasiyodai idadi yoyote ya saa za kuendesha chini ya usimamizi. Mwanafunzi angeweza kukaa miezi sita na kibali mfukoni, gari likiwa kwenye banda. Tangu Februari 2025 anatakiwa kukamilisha saa 50, kati yake 10 ziwe za usiku, kabla ya kupewa leseni ya majaribio. Hakuna askari anayezihesabu saa hizo. Zinaandikwa nyumbani, moja baada ya nyingine, na mwisho wa fomu mzazi au mlezi anatia saini kwamba ni kweli.